Vyeti na Vitambulisho vya Kughushi: Sheria Inasema Nini, Njia Halali ni Ipi

Tarehe 28 Aprili 2017, katika Ukumbi wa Chimwaga wa Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyekuwa Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Taarifa hiyo iliwasilishwa na aliyekuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, Mheshimiwa Angellah Kairuki. Ilionesha kuwa watumishi 9,932 walikuwa wakitumia vyeti vya kughushi. Aidha, vyeti 1,538 vilibainika kuwa vinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Waliokutwa na vyeti vya kughushi walitakiwa waondoke wenyewe kabla ya tarehe 15 Mei mwaka huo, na waliokaidi wakaelezwa kuwa watafikishwa mahakamani.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi Aprili 2018, Serikali ilitoa tamko jingine lililowahusu watumishi wenye elimu ya darasa la saba ambao nao walikuwa wameondolewa kazini kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Iliamuliwa kwamba wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, wakati sharti la kidato cha nne lilikuwa bado halijaanza, warejeshwe kazini. Waliokuwa wamewasilisha vyeti vya kughushi hawakuhusika na nafuu hiyo.

Matukio hayo mawili yanabeba somo linalopaswa kumfikia kila mkazi. Mtumishi mwenye elimu ndogo aliyesema kweli alirudi kazini kwake. Mwenzake, ambaye pengine walikaa naye darasa moja na kufanya kazi moja, hakurudi kwa sababu ya karatasi aliyoitafuta ili aonekane ana elimu zaidi. Kutokuwa na cheti si kosa. Kosa ni kudai unacho wakati hunacho.

Makala haya yanaeleza sheria inachosema kuhusu hati za kughushi, mazoea ya mitaani yanayowaingiza wananchi katika makosa bila wao kutambua, na njia halali zilizopo kwa mtu ambaye hana hati au ambaye hati zake zina kasoro.

Kughushi ni nini

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inatafsiri kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Watu wengi husikia maneno hayo wakadhani yanamhusu tu fundi mwenye mashine ya kuchapa anayefanya kazi yake chumbani usiku. Maana yake kisheria ni pana zaidi.

Anayefuta mwaka wa kuzaliwa katika cheti halisi na kuandika mwingine ameghushi. Anayebadilisha daraja la ufaulu kwa kompyuta kisha akatoa nakala ameghushi, hata kama cheti chenyewe kilitolewa na mamlaka halali. Anayeandika barua ya utambulisho na kuigonga mhuri wa serikali ya kijiji uliochongwa na fundi wa mihuri ameghushi. Anayetia saini ya Mtendaji wa Kata bila idhini yake ameghushi, hata kama kila neno lililomo katika barua hiyo ni la kweli.

Jambo la pili ni matumizi. Sheria haimwadhibu mtengenezaji peke yake. Mtu anayewasilisha hati ya uongo huku akijua kuwa ni ya uongo, kwa nia ya kudanganya, anahesabiwa kuwa ametenda kosa la aina ileile na anastahili adhabu ileile kama aliyeitengeneza. Kwa hiyo utetezi wa kwamba "sikuitengeneza mimi, niliuziwa" hauondoi kosa iwapo mnunuzi alijua alichokuwa akinunua. Na ni vigumu kuishawishi mahakama kuwa mtu hakujua, wakati cheti kinaonesha amefanya mtihani ambao hakuufanya.

Adhabu zake

Adhabu ya jumla ya kughushi chini ya Kanuni ya Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka saba. Kiwango hicho kinagusa pia hati nyingi za kiserikali na za kimahakama. Ziko hati chache ambazo sheria imeziwekea adhabu kali zaidi, mojawapo ikiwa ni wosia, ambapo adhabu inaweza kufikia kifungo cha maisha. Familia zinazogombania mashamba na viwanja baada ya msiba zinapaswa kulifahamu hilo.

Mara nyingi shtaka la kughushi haliji peke yake. Mtu aliyepata fedha au mkopo kwa kutumia hati ya uongo anaweza pia kushtakiwa kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Mwajiriwa aliyemdanganya mwajiri wake kwa nyaraka za uongo anaweza kufikishwa mahakamani na TAKUKURU chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Sura ya 329. Mtumishi wa umma ambaye kwa kujua anatoa hati yenye taarifa za uongo, awe ofisa wa wilaya au mtendaji wa kijiji, naye ana kosa la jinai mbali na adhabu za kinidhamu. Fedha inapopita mkononi ili hati hiyo itoke, mtoaji na mpokeaji wote wamo katika kosa la rushwa.

Kuazimana hati ni kosa pia

Katika vijiji na mitaa mingi, kuazimana ni sehemu ya ujirani mwema. Watu huazimana jembe, baiskeli, hata ng'ombe wa kulimia. Hati yenye jina la mtu haiingii katika orodha hiyo.

Kanuni ya Adhabu inakataza mtu kujifanya mtu mwingine, aliye hai au aliyekufa, kwa nia ya kulaghai. Vilevile inakataza mtu kujifanya ndiye mwenye jina lililoandikwa katika cheti cha sifa, na inamgusa pia mwenye cheti anayekiuza, anayekigawa au anayekiazimisha ili mwingine ajifanye yeye. Dada aliyefaulu kidato cha nne akaolewa, kisha akampa mdogo wake cheti "akitumie, maana kwangu kinakaa bure", anajiingiza katika kosa hilo pamoja na mdogo wake. Vyeti 1,538 vilivyokutwa na zaidi ya mtumiaji mmoja mwaka 2017 vinaonesha kuwa jambo hili si la kufikirika.

Eneo jingine ni laini za simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya utambulisho wa Taifa ulianza mwezi Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Tangu hapo, mtu asiye na namba ya NIDA humwomba jirani amsajilie laini kwa namba yake. Wengine huweka kidole mara mbili au tatu kwa wakala wa barabarani anayesema mashine haijasoma, wasijue kwamba kila mara laini mpya imesajiliwa kwa jina lao. Laini hiyo ikitumika kuwatapeli watu, jina la kwanza ambalo polisi wataliona ni la mwenye kidole. Mwananchi anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake kwa kupiga *106# na kufuata maelekezo. Akikuta asiyoitambua, aende kwa mtoa huduma husika ikafungwe.

Kadi ya bima ya afya nayo haiazimwi. Kumpeleka mgonjwa hospitali kwa kadi ya ndugu yake ni udanganyifu kwa Mfuko, na una hatari nyingine isiyohusu mahakama. Maelezo ya ugonjwa, kundi la damu na dawa alizopewa mgonjwa huandikwa katika jalada la mtu asiyehusika. Siku mwenye kadi atakapofikishwa hospitalini akiwa hajitambui, daktari atasoma historia ya mtu mwingine.

Hasara isiyosomwa mahakamani

Wapo wanaosema kuwa kesi za vyeti ni nadra na mtu anaweza kuponyoka. Waangalie upande wa pili wa hesabu.

Wengi wa walioondolewa mwaka 2017 walikuwa wametumika kwa miaka mingi. Walikuwa na mikopo ya benki inayokatwa katika mshahara, watoto shuleni na nyumba ambazo hazijaezekwa. Mshahara ulikoma, mkopo ukabaki. Kuhusu mafao, Serikali ilitangaza mwaka 2022 kuwa wangerejeshewa michango waliyokatwa wao wenyewe katika mishahara yao. Michango ya mwajiri haikuwemo, na pensheni ambayo mtumishi mwenzao angeipata kwa utumishi wa miaka hiyohiyo hawakuipata.

Hasara hiyo haikuishia kwao. Shule na zahanati zilipungukiwa watumishi, na wananchi waliokuwa wakihudumiwa ndio waliosubiri foleni ndefu. Kabla ya hapo kulikuwa na hasara nyingine iliyokuwa imejificha. Kila nafasi iliyoshikwa na mwenye cheti cha kughushi ilikuwa imemkosesha kijana aliyesoma kwa taabu na kufaulu kwa haki.

Madereva nao wana hesabu yao. Mwenye bodaboda au gari anayeendesha kwa leseni ya kughushi anaweza kukataliwa fidia na kampuni ya bima pale ajali inapotokea, akabaki na deni la matibabu ya watu aliowagonga pamoja na kesi ya jinai.

Inavyogundulika

Zamani hati ilikaguliwa kwa macho: karatasi nzuri, mhuri mwekundu, saini iliyopinda vizuri. Leo karatasi ni ishara tu ya kumbukumbu iliyoko mahali pengine, na mwajiri huenda kwenye kumbukumbu hiyo.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina taarifa za watahiniwa kwa namba zao za mtihani. Namba hiyo hutaja kituo, mtahiniwa na mwaka. RITA ina daftari la vizazi na vifo ambamo kila cheti cha kuzaliwa kina ingizo lake, na waombaji wa mikopo ya elimu ya juu wanatakiwa kuhakiki vyeti vyao huko kabla ya kuomba. NIDA ina alama za vidole na picha ya kila aliyesajiliwa. Namba ya utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu anayepunguza umri wake katika cheti cha kuzaliwa ili achelewe kustaafu atakutana na tarakimu hizo.

Uhakiki wa mwaka 2017 ulifanyika kwa njia hiyohiyo ya kulinganisha cheti na kumbukumbu za aliyekitoa. Miaka kumi au ishirini ya utumishi haikukifanya cheti cha uongo kuwa cha kweli.

Majina yasiyolingana

Wapo wananchi waaminifu ambao hati zao hazilingani. Katika familia nyingi za Nyanda za Kati, mtoto hupewa jina la babu siku ya kuzaliwa, hupata jina jingine kwa ubatizo au dini, na siku ya kuandikishwa shule mwalimu huandika lile alilolisikia. Herufi nazo hubadilika, Lusinde likawa Rusinde. Mtu wa namna hii hajaghushi. Hata hivyo, akichukua kalamu au kompyuta na "kurekebisha" mwenyewe, hapo ndipo anapoingia katika kosa.

Tofauti ndogo za tahajia au mpangilio wa majina hurekebishwa kwa hati ya kiapo, ambayo mhusika huapa mbele ya wakili au kamishna wa viapo kuwa majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Anayetaka kubadili jina kabisa huandaa hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Baada ya hapo hupeleka nyaraka hizo NIDA au RITA kwa marekebisho kwa utaratibu wa taasisi husika. Kiapo nacho ni hati ya kisheria, na kuapa uongo ni kosa jingine.

Swali gumu zaidi linawahusu waliorudia darasa kwa jina la mtoto mwingine. Jambo hili lilikuwa la kawaida miaka ya nyuma. Mtoto hakuchaguliwa kwenda sekondari, mzazi akampeleka shule nyingine akachukua nafasi ya mwanafunzi aliyeacha masomo, akasoma na kufaulu kwa jina hilo. Mtu huyu alifanya mtihani mwenyewe, lakini jina lina mwenyewe mwingine. Hali kama hiyo haitatuliwi kwa ushauri wa kijiweni. Mhusika anapaswa kuonana na wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kuwasilisha cheti hicho popote. Huduma ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wanapatikana kupitia Ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Kwa wazazi wa leo, ushauri ni mfupi: hakiki jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kabla shule haijapeleka taarifa zake za mtihani.

Njia halali kwa asiye na hati

Wengi wanaonaswa na vishoka huamini kuwa hakuna njia nyingine. Njia zipo, ingawa baadhi zinahitaji muda.

Cheti cha kuzaliwa. Mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano husajiliwa na kupewa cheti bila malipo katika kituo cha afya au ofisi ya kata. Mwenye umri mkubwa zaidi huomba RITA kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akiambatisha vielelezo vya kuzaliwa kwake kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule au viapo vya wanaomfahamu.

Kitambulisho cha Taifa. Raia aliyefikisha umri wa miaka 18 husajiliwa katika ofisi ya NIDA ya wilaya baada ya fomu yake kupitia serikali ya kijiji au mtaa. Kitambulisho cha kwanza hakilipiwi. Namba ikitoka kabla ya kadi, namba hiyo inatambulika katika huduma nyingi.

Cheti kilichopotea au kuungua. Mhusika hutoa taarifa polisi, hupewa taarifa ya upotevu, kisha huomba mbadala au uthibitisho kwa taasisi iliyotoa cheti. Hakuna fundi wa kompyuta mwenye mamlaka ya "kukirudisha".

Elimu ya sekondari kwa aliyekatisha masomo. Anaweza kusoma katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Tangu Novemba 2021, mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa shule.

Ujuzi bila cheti. Fundi uashi, seremala, fundi magari au mpishi aliyejifunza kazini anaweza kupimwa na VETA chini ya utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, akapata cheti kinacholingana na kazi anayoiweza. Chuo cha VETA Dodoma ni mahali pa kuanzia kuulizia. Fundi mwenye mikono mizuri hana sababu ya kununua cheti.

Mwenye hati inayotiliwa shaka

Kuna mwananchi aliyelipia huduma kwa mtu aliyejitambulisha kama ofisa, akapokea hati, na sasa ana wasiwasi nayo. Huyu asiitumie. Aipeleke katika ofisi iliyotajwa juu ya hati hiyo ikahakikiwe. Ikibainika si halali, atoe taarifa polisi akieleza aliyemuuzia, kiasi alicholipa na njia aliyolipia. Nia ya kudanganya ni sehemu ya kosa hili, na hatua ya kujitokeza mapema inasaidia kuonesha kuwa nia hiyo haikuwepo. Kuendelea kuitumia baada ya kujua ukweli kunaijenga.

Dalili za kishoka hazijifichi sana. Anakutana na mteja stendi, kijiweni au pembeni mwa ofisi. Anaomba fedha zitumwe katika simu yake binafsi badala ya kulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Hahitaji kielelezo chochote wala kidole. Anaahidi siku moja kwa jambo ambalo ofisi hulifanya kwa wiki kadhaa. Mtumishi yeyote anayedai malipo nje ya utaratibu aripotiwe TAKUKURU kwa kupiga 113 bila malipo.

Wakazi wanakumbushwa kuwa barua ya utambulisho hutolewa na Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa anayemfahamu mhusika, na kwamba taasisi inayopokea barua hiyo ina haki ya kuirudisha kwa Mtendaji ili ihakikiwe. Mwenye swali kuhusu hati yoyote afike katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata iliyo karibu naye, saa za kazi, akiwa na hati alizonazo. Asiye na hati yoyote naye afike vivyo hivyo, maana kuuliza hakuna adhabu.